Leseni ya vileo na muziki kwa hoteli mpya: unachoandika kwenye maombi ndo kitakachokubana

Hoteli nyingi mpya suala la leseni ya vileo na burudani linaachwa mwisho kabisa, vitanda vishafika, mashuka yapo kwenye makatoni, tangazo la ufunguzi lishatoka, afu ndo mtu anakumbuka kwamba ile baa nzuri pale chini hairuhusiwi kuuza hata bia moja. Kwenye hoteli niliyoshiriki kuifungua niliomba hii kazi mapema, mafundi bado wanapiga plasta, na bosi akakubali, kwa hiyo nimelipitia jambo hili toka karatasi tupu mpaka leseni ikatundikwa ukutani. Naandika kwa ajili ya yeyote anaejiandaa kuomba. Sheria za nchi yako utazisoma mwenyewe maana zinatofautiana sana, ila namna ya kufikiri nadhani inafanana karibu kila mahali.

Kitu kikubwa nilichojifunza ni hiki, na karibu kila nitakachoandika hapa kinatokana nacho: ile fomu siyo ya kuomba ruhusa tu, ni ahadi. Kile unachoandika pale kwamba utafanya hivi na vile ili kuzuia kelele, ili watoto wasiuziwe pombe, ili watu watoke salama, kinachukuliwa na mamlaka ya leseni na kugeuzwa kuwa masharti, na siku ukikiuka sharti hujakosea tu kidogo, umevunja sheria na leseni yako inaweza kuitwa mezani. Watu wanaandika maneno mazuri ili wapitishwe haraka, wanasahau kwamba yale maneno yatakuja kusomwa na ofisa aliyesimama mlangoni kwako usiku hoteli imejaa.

Mwanzo kabisa bosi alitaka tuombe kila kitu. Muziki wa aina zote, kila siku, mpaka usiku mkubwa, jengo zima, ili kesho na keshokutwa tusijibane. Namuelewa, amewekeza, hataki kurudi tena ofisini kuomba nyongeza. Lakini nilimwambia hivi mzee, anaesoma maombi yetu hajui sisi ni watu gani, hoteli haijafunguliwa, hana rekodi yoyote ya kuangalia, kwa hiyo atayasoma kwa kufikiria usiku mbaya kuliko wote unaowezekana kwa kile tulichoomba. Ukiomba disko kila siku mpaka alfajiri atakuwekea masharti ya disko kila siku mpaka alfajiri, walinzi, kamera, milango, kila kitu, hata kama ukweli wako ni mpiga kinanda mmoja Ijumaa jioni. Na majirani nao watasoma vile vile. Tukakubaliana tuombe kile tunachokijua kwamba tutakifanya mwaka wa kwanza, na kidogo cha juu yake, basi.

Sasa utajuaje utafanya nini? Hapo ndo ramani inapoingia, na mi naamini hii ndo kazi yenyewe, fomu ni kuinakili tu.

Tulikaa kwenye kile chumba cha mafundi pale saiti, tukatandaza ramani ya jengo juu ya meza, tukachukua kalamu za rangi. Nyekundu ni pale pombe inapouzwa. Bluu ni pale inaponywewa tu. Kijani ni pale muziki utakapopigwa. Nyeusi ni njia ya kutokea moto ukitokea. Afu tukaanza kutembea kwa kidole kama mgeni anaefika: mapokezi, je tutampa glasi ya mvinyo akiwa anaandikishwa? Kama ndiyo, ni ya bure au imo kwenye bei ya chumba, kwa sababu ikiwa imo kwenye bei kuna nchi inahesabika kuwa ni mauzo. Chumbani, kuna minibaa? Ile friji ndogo ni duka la pombe, vyumba vyote lazima viingie ndani ya mstari mwekundu. Mgeni akiagiza bia iletwe chumbani, mauzo yamefanyika wapi, baa au mlangoni kwake? Bwawa la kuogelea, atakunywa pale? Basi glasi za kioo hazifai, andika vikombe visivyovunjika, mguu mtupu na kipande cha kioo havikai pamoja. Ukumbi wa mikutano, siku ya wiki ni semina na Jumamosi ni harusi, ile harusi itakuwa na baa yake au watatumia ya chini? Bustani. Paa. Ule ukumbi mdogo karibu na ngazi ambao mchoraji aliuita "sehemu ya kupumzikia" na kila mtu anajua watu watabeba bia zao kwenda kukaa pale.

Nilitoka kwenye ile meza nikiwa naijua ile hoteli kuliko niliposoma makaratasi yote ya mradi. Na faida yake ilionekana baadae fundi alipoisogeza kaunta ya baa upande mwingine kwa sababu ya bomba la maji, tukaiona siku ile ile kwamba mstari wetu mwekundu na njia nyeusi vimegongana, ramani ikarekebishwa kabla haijapelekwa. Mkaguzi anakuja na ramani mkononi, jamani. Anasimama anaangalia karatasi, anaangalia kaunta. Kama jengo halifanani na ramani unarudi nyuma, kwa hiyo mtu wa leseni na mtu wa ujenzi lazima waongee kila wiki.

Kuhusu muda, tenganisha saa za aina tatu, wengi wanaandika moja tu. Kuna saa ya mwisho ya kuuza, kuna saa ya muziki kuzimwa, na kuna saa ya watu kuwa wameshatoka. Sisi tuliweka muziki uzimwe kwanza, afu mauzo yafungwe, afu nusu saa ya watu kumalizia glasi zao na kuita usafiri. Muziki ukipungua taratibu watu wanaanza kushusha sauti wenyewe bila kuambiwa, lakini ukiuzima ghafla na taa zikawaka, watu wote wanamwagika nje kwa pamoja masikio yao bado yanavuma na wanaongea kwa kupiga kelele bila kujijua. Afu kuna tofauti ya mgeni aliyelala hotelini na mtu aliyetoka nje kuja kunywa. Nchi nyingi zinamruhusu mgeni wa hoteli mambo ambayo mtu wa nje haruhusiwi, ni kwake pale usiku huo. Uingereza kwa mfano chakula cha moto kinachouzwa kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri kinahitaji leseni, lakini mgeni aliyelala kwenye hoteli hahesabiki. Kwa hiyo kwenye fomu yetu tuliandika saa za wageni wa vyumba peke yake na saa za watu wa nje peke yake, na tukaeleza tutawatofautisha vipi, kwamba baada ya saa fulani kinywaji kinaandikwa kwenye namba ya chumba tu na hakuna kulipa taslimu. Ofisa alilipenda hilo kuliko maelezo yetu mengine yote, kwa sababu linaweza kukaguliwa.

Na usidhani uhuru wa saa unafanana kila mahali. Kule England na Wales toka Novemba 2005 sheria yao mpya ilipoanza kazi hakuna tena saa moja ya kitaifa ya kufunga, mwombaji anapendekeza saa zake na anazitetea. Kenya nako sheria yao ya 2010 ya kudhibiti vileo ilienda njia nyingine, baa ya kawaida siku za wiki inafunguliwa saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku, na ikaweka umbali wa mita 300 kutoka shule za watoto wa chini ya miaka 18. Hilo la umbali ni la kuangalia kabla hata ya kununua kiwanja, maana saa unaweza kujadiliana ila shule huwezi kuisogeza.

Ile sheria ya Waingereza, iliyopitishwa 2003 na kuanza kazi 2005, mi iliniongoza sana japo siyo yetu, kwa sababu imepanga maswali vizuri. Wanataka maombi yajibu mambo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa jamii, na kuwalinda watoto. Scotland wao wakaongeza la tano, afya ya jamii. Hata kama sheria ya kwenu haitaji hivyo, ofisa yeyote wa leseni moyoni mwake anauliza hayo hayo. Nilichukua karatasi nne, kila moja na swali lake, nikaanza kujaza kwa kutembea na ile ramani. Karatasi ya kero ndo ilijaa kuliko zote.

Kelele basi.

Kwenye hoteli jirani wa kwanza wa muziki wako siyo yule wa ng'ambo ya barabara, ni mgeni aliyelala juu ya ukumbi. Huyu kalipa ili alale. Na ugumu wenyewe ni besi. Sauti nyembamba, matoazi, filimbi, ukuta wa maana unazipunguza sana, lakini besi inapita kwenye zege, inapanda na nguzo, unaikuta ghorofa ya pili kitanda kinatetemeka wakati maneno ya wimbo huyasikii kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 kuhusu kelele unataka chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30, na mlio mmoja mmoja usivuke 45. Sakafu ya kuchezea muziki inafika kirahisi desibeli 100. Hesabu mwenyewe jengo lako linatakiwa limeze kiasi gani hapo katikati, na ukumbuke kila desibeli 10 zikiongezeka sikio la binadamu linaona kama sauti imekuwa mara mbili.

Tulifanya jaribio usiku kabla ya kupeleka maombi. Tukakodi spika kama zile atakazokuja nazo DJ, fundi wa sauti akaziwasha ukumbini, mwenzangu mmoja akalala kabisa kwenye kitanda cha chumba cha juu mlango umefungwa, mi nikaenda kusimama kwenye uzio na kipimo cha desibeli, kile kilichopimwa na chenye cheti chake, siyo programu ya simu maana mbele ya kikao cha kusikiliza pingamizi mtu atakuuliza kimehakikiwa lini. Mwanzoni pale uzioni nilisikia kama mtu anapiga ngoma mbali. Afu ghafla muziki ukaja wote, maneno na kila kitu, kama sekunde tano hivi, ukakatika. Ukaja tena. Nikamuuliza fundi wa sauti kwenye simu vipi mnapandisha na kushusha? Akasema hapana hatujagusa kitu. Nikatembea kufuata sauti nikakuta ni mlango wa pembeni, ule wa kwenda sehemu ya kuvutia sigara, kila fundi akitoka na kuingia unafunguka muziki unamwagika nje. Ukuta tuliujenga mnene, dirisha vioo viwili, na yote yanaondolewa na mlango mmoja wa wavuta sigara.

Kwa hiyo pale tukajenga kibaraza kidogo chenye milango miwili, mmoja unajifunga ndo unafungua mwingine. Sehemu ya sigara ikahamishiwa upande usio na nyumba. Spika zikashushwa kutoka ukutani zikawekwa juu ya mipira maalum ili mtetemo usiingie kwenye nguzo. Na tukafunga limita, kifaa kinachokaa kati ya vyombo vya DJ na spika, fundi anaiweka kiwango na kuifunga kwa ufunguo, mpiga muziki hata akipandisha vipi sauti haivuki hapo. Ile limita ndo ilinipa ujasiri wa kuandika kwenye maombi kwamba muziki hautazidi kiwango kilichokubalika, maana mwenye kulinda ahadi siyo meneja aliyechoka saa 7 usiku akibembelezana na DJ, ni chombo. Chumba kilichoko juu kabisa ya jukwaa tukakifanya stoo ya mashuka. Bosi aliumia kukipoteza, ila kukiuza kile chumba Jumamosi kungekuwa ni kumuuzia mtu usiku mbaya.

Jambo lingine, ukifunga madirisha kwa ajili ya kelele lazima uwe na hewa ya mashine. Sharti la "madirisha yote yafungwe muziki ukipigwa" linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini ukumbi wenye watu wanaocheza bila hewa hauvumiliki hata nusu saa, watu watayafungua tu na wewe utakuwa umeshavunja sharti.

Na hapa kwenye kuzuia sauti naomba unisome kwa makini kuliko popote. Fundi mmoja alikuja na wazo la kubandika sponji ukuta mzima nyuma ya jukwaa, ile ya bei nafuu yenye mabonde mabonde. Nikakataa na nitaendelea kukataa popote nitakapofanya kazi. Tarehe 20 Februari 2003 huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, klabu ya The Station ilishika moto bendi ilipowasha fataki jukwaani, sponji ya kuzuia sauti iliyokuwa ukutani ikawaka na watu 100 wakafa. Ile sponji ilikuwa imewekwa kwa sababu majirani walikuwa wanalalamikia kelele. Miaka kumi baadae, tarehe 27 Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, hadithi karibu ile ile, fataki ya bendi, sponji kwenye dari, moshi wenye sumu, mlango mmoja wa kutokea, watu 242. Vijana waliokwenda kusikiliza muziki tu. Huwezi kutibu karatasi ya kero kwa kuchana karatasi ya usalama. Vifaa vya kuzuia sauti vipo ambavyo haviwaki kirahisi, pamba ya mawe inayozibwa na mbao au kitambaa kilichopimwa, unachotakiwa kumdai muuzaji ni cheti cha jaribio la moto la kitu hicho hicho anachokuletea, na unakiweka kwenye faili la maombi. Na kwenye maombi tukaandika waziwazi: hakuna fataki wala moto wa aina yoyote ndani ya ukumbi. Hilo ni sharti ambalo najua nitalishika wakati wote.

Watu wa zimamoto nao tuliwaita kabla, siyo baada. Idadi ya watu ukumbini haitokani na viti ulivyonunua, inatokana na ukubwa wa sakafu na upana wa milango, na inayotoka ndogo kati ya hizo mbili ndo inayokubalika. Miongozo ya ujenzi ya England wanahesabu nusu mita ya mraba kwa mtu kwenye sakafu ya kucheza na mita moja nzima kwa aliyekaa mezani anakula, na watu wakizidi 60 lazima kuwe na njia ya pili ya kutokea. Kwa hiyo ukumbi ule ule una idadi mbili, ya chakula na ya dansi, tukaziandika zote mbili na tukaeleza nani anahesabu mlangoni na anatumia kitu gani kuhesabu. Milango ya dharura inasukumwa kwenda nje na haifungwi kwa kufuli wakati watu wamo ndani. Najua wapo wanaofunga kwa kuogopa watu kuingia bila kulipa. Kwenye moto wa klabu ya Cocoanut Grove kule Boston, Marekani, mwaka 1942 walikufa watu 492, mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka ukakwama kwa msongamano, na milango mingine ilikuwa imefungwa.

Tuje kwa majirani. Sheria nyingi zinakutaka ubandike tangazo ili wenye pingamizi wajitokeze, England ni siku 28 na tangazo ni karatasi ya rangi ya bluu hafifu pale jengoni, pamoja na gazeti. Ushauri wangu nenda wewe kabla tangazo halijaenda. Mtu akiisoma kwenye ukuta kwanza anakuwa ameshaumia kabla hujamuelezea chochote. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiwa na nakala ya ramani, bila wakili na bila bosi, nikauliza tu nini kinawatia wasiwasi.

Nilijiandaa kujibu kuhusu muziki. Mama mmoja mtu mzima, dirisha lake la kulalia linatazamana na ua wetu wa nyuma, akaniambia, "Mwanangu, muziki mtauzima. Mi naogopa chupa." Sikumuelewa mara moja. Akaniambia kabla ya hapo aliwahi kuishi nyuma ya baa, na kila usiku baada ya kufungwa, wakati ndo usingizi umemkolea, kijana mmoja alikuwa anatoka na pipa la chupa tupu na kuzimwaga zote kwa mpigo kwenye pipa kubwa la nje. Nikatulia nikaufikiria ule mlio. Kwenye karatasi yangu ya kero nilikuwa na spika, milango, magari, chupa hazikuwepo, na hakuna fomu inayokuuliza chupa. Pale pale nikaandika, na likawa moja ya masharti tuliyoyapendekeza wenyewe: chupa tupu zinalala ndani kwenye stoo, hazimwagwi nje kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi, na gari la taka na la kuleta bidhaa haliji katika muda huo. Halitugharimu chochote zaidi ya kutenga kona ya stoo. Yule mama hakupeleka pingamizi.

Wengine walitaja honi za teksi, watu kuagana kwa sauti getini, taa za paking kumulika madirisha. Kila kimoja kina dawa yake ndogo: gari zinaitwa na mtu wa mapokezi na mteja anasubiri ndani, taa zinageuzwa zitazame chini, mlinzi anasimama getini dakika za mwisho. Na namba ya simu ya meneja wa zamu, siyo ya ofisi, simu inayopokelewa usiku. Jirani anaejua atapokelewa anapiga kwako, asiyejua anapiga polisi.

Sasa narudi kwenye kuandika masharti, maana hapa ndo pa kupata au kupotea. Mshauri aliyetusaidia alileta rasimu iliyojaa maneno kama "wakati wote", "kila mteja", "tutahakikisha hakuna". Yanapendeza kusoma. Nikapita nayo mstari kwa mstari na swali moja, je Jumamosi yenye harusi, mfanyakazi mmoja anaumwa, mvua inanyesha, hili litawezekana? "Walinzi wawili mlangoni wakati wote" tukabadilisha kuwa walinzi wawili kuanzia saa 2 usiku siku ambayo kuna muziki wa jukwaani au shughuli ya watu wa nje, mpaka mtu wa mwisho atoke. "Kila mteja ataombwa kitambulisho" tukasema anaeonekana hajafika miaka 25 anaombwa, ambayo ndo njia inayotumika sana Uingereza kwa umri wa miaka 18, inampa mhudumu nafasi ya kukosea kidogo bila kumuuzia mtoto. Marekani ambako umri ni 21 mstari unasogea juu, lakini akili ni ile ile. "Hakutakuwa na kelele yoyote nje" hiyo tuliifuta kabisa, hakuna binadamu anaeweza kuilinda, badala yake tukaeleza nani anazunguka nje, kila baada ya muda gani, na anaandika wapi alichosikia.

Kamera vile vile. Sharti la kutunza picha siku 31 ni la kawaida sana England, na ni zuri, ila kabla hujalikubali muulize aliyefunga mtambo kama diski zake zinabeba siku hizo zote kwa kamera zote. Na kuwe na mtu kila zamu anaejua kuzitoa, polisi akija usiku kuomba picha na jibu likawa "subiri meneja aje Jumatatu" ahadi yako imekufa.

Pingamizi zilikuja hata hivyo, na mi nasema zikija usikasirike. Tukawaalika waliopinga kuja kuona ule mlango wa sigara na limita, wengi walibadili msimamo wakataka tu saa za bustani zipunguzwe, tukapunguza. Mmoja hakukubali na kikao kikakaa. Kwenye kikao sikusoma hotuba. Nilikuwa na ramani, vipimo vya usiku ule na orodha ya masharti tuliyojiwekea. Aliyeongoza kikao aliuliza swali moja ambalo naona kila mwombaji angejiuliza kabla ya kujaza fomu: usiku wa manane tatizo likitokea, nani yupo pale mwenye mamlaka ya kuzima muziki? Siyo nani mwenye hoteli. Nani yupo. Nilijibu meneja wa zamu ya usiku, amepata mafunzo, na imeandikwa kwenye mkataba wake kwamba anaweza kuzima bila kumuuliza mtu, hata bosi mwenyewe akiwa ukumbini na wageni wake. Bosi alikuwa amekaa nyuma yangu na alishakubali hilo kabla. Leseni ikapita.

Mambo mengine nayasema haraka. Leseni ya burudani haikupi haki ya nyimbo zenyewe, malipo ya hakimiliki kwa wanamuziki ni kitu cha pembeni na kina ofisi yake, na usidhani ni ukumbini tu, Mahakama ya Ulaya mwaka 2006 iliamua kwamba hoteli inayopeleka matangazo ya televisheni kwenye vyumba vya wageni inahesabika inayasambaza kwa umma. Matumizi ya kiwanja na kibali cha ujenzi vinatangulia, mamlaka ya leseni haitakusaidia kama eneo haliruhusiwi kuwa na baa. Na usipokee malipo ya harusi kabla leseni haijatoka, hili tulivutana sana kwa sababu wateja walikuwa wanabisha hodi kila siku, tukawaandika kwenye daftari la kusubiri bila kuchukua pesa zao.

Baada ya kufungua nilitoa ukurasa mmoja wenye masharti kwa lugha ya kawaida, nikaubandika nyuma ya kaunta na kwenye chumba cha walinzi, na kila mfanyakazi mpya anausoma na kusaini kabla ya zamu ya kwanza. Kuna daftari la waliokataliwa kuuziwa, saa, sababu na jina la mhudumu, na daftari la mzunguko wa usiku lenye kila simu ya jirani na tulichofanya. Sasa hivi bosi anataka tuombe nyongeza ya paa, muziki mwepesi jioni, na mi sijaanza na fomu, nimeanza na haya madaftari mawili, na wiki ijayo tunapandisha spika juu usiku kupima, yule mama keshasema atakaa dirishani atusikilizie.